Tapeli Anauza kwa Sura Yangu, Watu Wananiita Mwizi

Mshauri wetu, shikamoo, na pole na kazi ya kubeba vilio vya watu. Ukurasa wako gazetini naanza nao kabla hata ya habari za mbele, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakuwa mimi ninayelia humu, lakini yamenifika shingoni, nakuandikia kwa simu, na naomba unijibu kabla sijafanya jambo la kunipeleka pabaya.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, nina watoto na mume ambaye ni fundi umeme. Nashona magauni ya harusi na ya sherehe kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, katikati ya saluni na kibanda cha fundi viatu. Tuko wawili, mimi na mwenzangu wa kazi, mwanamume mfupi mnene ambaye mtaa mzima unamwita Kifungo, yeye anakata na kupiga pasi, mimi nashona na kutia shanga. Gauni likiisha namvalisha mdoli wa pale mlangoni, napiga picha, naweka kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na mara nyingine Kifungo ananirekodi nikiwa kwenye cherehani naeleza namna ya kuchagua lesi au kwa nini bitana ya bei ya chini inawasha, watu wanacheka, wanauliza maswali, kesho yake wanakuja dukani. Hiyo ndiyo biashara yangu yote na sina nyingine ya pembeni.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Asubuhi moja tumefungua sasa hivi, hata pasi haijashika moto, akaingia mama mmoja bila hodi, mama mrefu, mkoba begani, na nyuma yake binti wa makamo ya kuolewa, macho yamevimba. Mama yule akasimama katikati ya chumba akaniambia:

"Gauni letu liko wapi?"

Nikasema, "Karibuni kwanza, mama. Gauni gani?"

"Usinikaribishe! Gauni la binti yangu ambalo umelipwa lote, na harusi ni wiki ijayo, halafu umemfungia simu!"

Mshauri, nikamwangalia yule binti, nikajiuliza labda nimesahau, maana mteja anaweza kusahaulika, lakini mwili niliowahi kuupima siwezi kuusahau, na huyu sikuwahi kumpima. Nikamwambia hivyo. Mama akanisukumia simu usoni. Ulikuwa ukurasa wa duka. Sura ni yangu. Mdoli ni wangu, na ule ufa wake wa begani. Magauni ni yangu, kila moja, hata lile nililomshonea mdogo wangu alipoolewa. Nikabonyeza video nikajisikia mwenyewe nikieleza habari za bitana. Jina la duka ni langu pia, ila mwishoni wameongeza neno "Halisi", yaani wao ndio halisi na mimi ndiye wa kuigiza. Na namba ya simu pale chini haikuwa yangu.

Nikasema, "Mama, huu ukurasa si wangu."

Akageukia mlangoni, ambako watu wa saluni walikuwa wameshajaa, akasema kwa sauti ya kuita watu: "Jamani, mnamsikia? Sura yake, sauti yake, duka lake, halafu si yeye!"

Nilijaribu kumwonyesha ukurasa wangu wa kweli, hakutaka kuuona. Akamwendea mdoli, ambaye alikuwa amevaa gauni la mteja mwingine, akaanza kulivua. "Basi tunachukua hili." Mimi nikashika huku, yeye akashika kule, Kifungo akaingia kati na mkasi bado mkononi, nikamwambia weka mkasi chini usituletee balaa, na pale mlangoni watu wakawa wametoa simu wanarekodi. Kwenye hiyo video, ambayo nadhani nusu ya mji umeshaiona, unamwona mama akivuta, unanisikia mimi nikipiga kelele "Acha, si lako!", na basi, inakatikia hapo. Nakuapia, mshauri, ningekuwa simjui fundi yule hata mimi ningesema ni mwizi.

Mama alipochoka akatoka nje kupumua. Binti akabaki, akakaa kwenye ngazi ya mlango, analia kimya kimya bila hata kujifuta. Hasira ikanishuka kidogo. Nikamletea maji, nikamuuliza ilikuwaje.

Ni muuguzi, hospitali inammaliza kwa zamu, hana nafasi ya kuzunguka madukani, kwa hiyo alitafuta kwenye simu akiwa mapumzikoni. Akaona gauni alilolipenda, akaandika, akajibiwa kabla hajameza mate: "Karibu bibi harusi wetu." Alipotaka kuja dukani kupimwa, wakamwambia duka linapakwa rangi, ajipime mwenyewe atume vipimo. Alipoomba kuongea na fundi, wakamtumia video yangu ya lesi, akaniona, akaniamini. Yaani, mshauri, huyu binti aliibiwa kwa sababu aliniamini mimi! Wakamwambia bei ya punguzo mwisho wake leo jioni, alipe yote. Jina lililotokea kwenye malipo lilikuwa la mwanamume, akauliza, wakasema ni mhasibu wa duka. Baadaye mzigo ukawa umekwama, aongeze ya usafiri. Akaongeza. Kisha kukawa na ya bima, akaongeza tena kwa kukopa kwa wenzake wa wodini. Alipoulizia risiti, wakamfungia.

Akaniambia, "Dada, mimi nimeshaelewa si wewe. Lakini mama haelewi, na mimi gauni sina."

Nikamshonea. Najua utanigombeza, baba watoto ameshanigombeza vya kutosha, lakini sikuweza kumtazama mtoto wa watu akiolewa na nguo ya kuazima kwa sababu ya sura yangu. Nilichukua lesi niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mteja mkubwa, Kifungo akakata, tukaacha kazi nyingine zote. Mume wangu alipokuja kututengenezea taa iliyokuwa inafifia akakuta tunatia shanga, akashuka kwenye ngazi yake akauliza:

"Hilo ni la nani?"

Nikamwambia.

"Mke wangu, hapo unashona ushahidi wa kwamba uliiba."

Nilimwona ana roho ngumu. Kumbe aliona mbali, kwa sababu harusi ilipopita yule mama, ambaye nimekuja kujua ni mwalimu, tena mwalimu anayeheshimika, aliweka picha ya bibi harusi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, amependeza, gauni limekaa kama alizaliwa nalo, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: "TAPELI TUMEMKABA AMELITOA. UKIKOMAA NAO WANATOA. MSIKUBALI KUIBIWA." Na mahali duka langu lilipo akapaeleza, mtaa na mlango.

Basi wakaja! Kila aliyeibiwa na ule ukurasa amekuja mlangoni kwangu kukomaa. Amekuja bwana mmoja aliyeagiza makoti ya wahudumu wa hoteli yake, amekuja na dereva wake wamesimama hapo nje mchana kutwa kama wanalinda benki. Wamekuja akina mama wa kikundi walioagiza sare, wameimba mlangoni, ndiyo, wameimba, "mwizi toka nje," wateja wangu wa kweli wakapita upande wa pili wa barabara kama hawanijui. Kila ninayemweleza ananijibu jambo lilelile: "Kama hukuiba, mbona yule ulimpa?" Mwenye nyumba naye amenijia, ameniambia anapenda amani, nione la kufanya au nimwachie chumba chake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mume wangu halijui na ninaona aibu kuliandika. Siku walipotoka wale waimbaji akaingia mzee mmoja, mlinzi wa ghala, bado amevaa koti la kazini, kofia mkononi. Alikuwa ameagiza gauni la mjukuu wake la mahafali. Hakunifokea. Alisema, "Sikuja kugombana, binti yangu. Nimekuja kuuliza tu kama lipo." Na mimi, mshauri, hasira zote nilizokuwa nimezikusanya kwa yule mama mwalimu na kwa yule tapeli na kwa mwenye nyumba nikamtapikia yeye. Nikamwambia, "Mzee, kama ulikuwa huna akili ya kuuliza kabla ya kutuma pesa, ujinga wako usiulete mlangoni kwangu." Akanitazama kidogo, akavaa kofia yake, akasema, "Samahani, nimekusumbua," akatoka. Kifungo, ambaye haachi kuongea hata akiwa na pini mdomoni, hakunisemesha mpaka tunafunga.

Jana sasa nimepigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri ya kisomi, anasema ni mtaalamu wa usalama wa mitandao, ameona ninavyodhalilishwa na ameniona kama dada yake. Anasema anaweza kuufuta ule ukurasa kabisa, niweke malipo ya kuanzia, halafu kuna tarakimu zitaingia kwenye simu yangu nimsomee, kazi imekwisha. Amenipigia tena leo mara kadhaa. "Dada, ukichelewa itakuwa ngumu, hawa watu wanaota mizizi." Nimeshaziweka pesa kwenye simu.

Mume wangu anataka tufunge duka, tubadili jina, tuhamie mtaa mwingine. Kifungo anasema tuwashonee wote polepole ili jina lisafike. Mimi ninachotaka, nikusemee kweli, ni kwenda shuleni kwa yule mama mwalimu, nisimame mbele ya wanafunzi wake, nimwambie yote aliyonifanyia. Nishonee wote? Nihame? Nimlipe mtaalamu? Niende shuleni? Nisaidie, mshauri, mimi sijaiba hata kifungo cha mtu, na ninatembea nimeinamisha kichwa kama nimeua.

Ni mimi,
Fundi Niliyeibiwa Sura.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Fundi. Barua yako niliianza nimekaa, nikaimalizia nimesimama kwa hasira, na nilipofika kwenye hiyo habari ya tarakimu sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia palepale, wasomaji wajue. Nikakuuliza, "Umeshatuma?" Ukanijibu, "Nilikuwa natafuta namba yake nitume." Nikakwambia weka simu chini, na ninashukuru uliiweka.

Huyo "mtaalamu" ni tapeli yuleyule, au ni ndugu yake wanaokula sahani moja. Wewe namba yako binafsi alipewa na nani? Na tangu lini mtu mwema akakupigia kutwa nzima anakuharakisha umlipe kwa kitu ambacho hujamwomba? Zile tarakimu ni ufunguo wa ukurasa wako wa kweli. Ungemsomea, angeingia humo akakufungia nje, na leo angekuwa na kurasa mbili, wa uongo na wa kweli, na wewe huna hata moja ya kujitetea. Hakuna fundi wa simu, wala benki, wala polisi, wala mtaalamu wa namna yoyote mwenye haja ya kusomewa tarakimu zinazoingia kwenye simu yako. Anayezitaka anataka kuingia. Na ukurasa wa kughushi hauondolewi kwa kulipa mtu. Unaripotiwa kwa wenye mtandao, humohumo, bure, ukionyesha kwamba sura na picha ni zako, na wateja wako wote nao waripoti siku hiyohiyo.

Nije kwenye gauni. Kumshonea yule binti hukukosea, na mtu asikufanye ujutie huruma yako. Kosa lako ulishona ukanyamaza. Ulitakiwa umwambie bibi harusi kabla hajalibeba: "Mdogo wangu, nakupa hili kama zawadi, na wewe useme hadharani kwamba aliyekuibia siye mimi." Ulimwachia mama mtu aieleze zawadi yako anavyotaka, akaieleza alivyotaka. Kwa hiyo Kifungo, ambaye nampenda bila kumwona, umwambie hapana. Hamuwashonei wote. Hamna deni na yeyote, na kila gauni mtakalolitoa kwa woga litamleta mwingine mlangoni. Na mumeo umwambie hapana vilevile. Aliona mbali kuhusu gauni, kuhusu kuhama haoni. Mkihama leo, kesho watasema mmekimbia, na yule tapeli atabaki na jina lenu peke yake, aendelee kulichuma.

Ulichotakiwa kufanya siku ya kwanza, kabla ya sindano na uzi, ni kwenda polisi. Hukwenda. Ulidhani aliyeibiwa ni mnunuzi peke yake? Wewe nawe umeibiwa! Umeibiwa sura, sauti, kazi ya mikono yako na miaka ya jina zuri, halafu ukakaa ndani unasubiri watu waje kukuhukumu. Hilo lilinichemsha kuliko yote, ndiyo maana nikaomba namba ya bibi harusi, nikampigia naye.

Niwaambie wasomaji aliyonijibu. Alikuwa zamu, akatoka kwenye korido kuongea. Akasema, "Nilikiona alichoandika mama. Nilimwambia afute, akanijibu nisimvunjie heshima mbele ya watu." Nikamuuliza, na heshima ya aliyekuvalisha je? Akasema, "Niambie nifanye nini." Nikamwambia asifute ujumbe hata mmoja wa yule tapeli, aandike mwenyewe kwa mkono wake yaliyotokea, tangu "bibi harusi wetu" mpaka alipofungiwa, aweke na picha za mazungumzo yote. Ameandika. Watu wameanza kusoma. Na nilipowahimiza mlikwenda kituoni, wewe, yeye, na yule bwana wa makoti ambaye alipoona jina la "mhasibu" aliyemlipa yeye ni lilelile aliloliona binti kwenye malipo yake, ndipo alipoacha kukulinda mlangoni. Umeniambia askari aliwauliza, "Sasa hapa nani kamwibia nani?" Msicheke, hilo ndilo swali ambalo mtaa wako wote ulipaswa kuuliza kabla ya kuimba. Jalada limefunguliwa, kampuni ya simu imeifunga ile namba, na ule ukurasa wa "Halisi" umeondolewa. Pesa za watu sikuahidi zitarudi. Na atafungua mwingine kwa sura ya mtu mwingine, kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukidhani haya ni ya fundi tu, vuta kiti usogee.

Unapoona duka kwenye simu, usianze na gauni, anza na duka. Ukurasa umefunguliwa lini? Mara nyingi unaweza kuona tarehe, na kama umewahi kubadilishwa jina. Ukurasa uliozaliwa mwezi uliopita una sifa za miaka kumi, wamezipata wapi? Soma maoni. Wakiwa wameyafunga watu wasiandike, ondoka. Wakiwa wote wanasifu kwa maneno yaleyale, na kila anayesifu ukimfungulia hana picha wala rafiki, ondoka. Watafute wateja wenyewe, waliojipiga picha na mzigo nyumbani kwao, kwenye mwanga wa nyumbani kwao, uwaulize. Muuzaji asiyekuwa na hata mteja mmoja wa kuulizwa hana mteja.

Bibi harusi alifanya jambo moja la akili, aliomba kumwona fundi. Kosa ni kwamba alikubali video. Video inaibiwa kama picha inavyoibiwa. Mwombe mpigiane simu ya kuonana uso kwa uso sasa hivi, ashike nguo unayoitaka, alitaje jina lako. Mwenye duka atacheka na atafanya. Tapeli kamera yake itakuwa mbovu, atakuwa safarini, atakuwa msibani. Na duka linalopakwa rangi kila mteja anapotaka kuja halina mlango.

Pesa lipa ukishashika mzigo, au lipa kidogo cha kuanzia kwa mtu unayejua alipo. Jina linalotokea kwenye malipo likitofautiana na la duka, simamisha kidole. Hakuna mhasibu wa ghafla. Bei ikiwa ya ajabu na muda wake unaisha jioni, hiyo haraka ni ya nani, ni yako au ni yake? Na ukishalipa mara moja, wakakwambia mzigo umekwama uongeze, hapo ujue umeibiwa tayari na sasa wanarudia sufuria kukomba ukoko. Usiongeze ili kuokoa ulichotoa. Piga simu kwa wenye huduma ya pesa mara moja, waizuie kama bado ipo, kisha kituoni. Usikae na aibu. Hiyo aibu ndiyo anayoitegemea yeye apate wa pili na wa tatu.

Nawe Fundi, kuanzia leo kila picha yako iwe na jina la duka katikati ya gauni, si pembeni ambako linakatwa. Juu kabisa ya ukurasa wako andika namba yako moja, na kwamba hupokei malipo ya kitu ambacho mtu hajapimwa. Maneno hayohayo yaandike kwenye karatasi uibandike mlangoni. Mwenye nyumba mpelekee namba ya jalada la polisi mkononi mwake, mwambie amani anayoipenda ndiyo hiyo.

Sasa mzee wa ghala. Hapo, Fundi, sikuonei huruma hata chembe. Ulilalamika aya nzima kwamba watu wamekuhukumu bila kukusikiliza, halafu aliyekuja kwa adabu kuliko wote ukamwita mjinga. Hakuwa mjinga. Aliona sura yako, akaona ni sura ya mtu mwaminifu, na hakukosea hapo. Aliyekosa ni mwizi. Nimechoka na tabia hii ya kumcheka aliyeibiwa, "mbona hukuuliza, mbona ulituma," kana kwamba wizi ni mtihani na aliyefeli ndiye wa kuadhibiwa. Mtu akiporwa mkoba barabarani hatumwambii alibeba mkoba vibaya. Jioni hii, kabla hajaanza zamu, nenda kwenye hilo ghala. Nenda kwa miguu yako, usimtume Kifungo. Mwambie, "Baba, nilikukosea adabu, nisamehe," kisha ukae kimya umsikilize, hata akichukua muda. Mwambie jalada lipo, umpeleke kituoni naye aandikishe. Ukitaka kumshonea mjukuu wake, shona, lakini samahani itangulie, usiifiche ndani ya gauni. Na mumeo mwambie kabla hajaisoma hapa.

Shuleni usiende. Ukimfokea mwalimu mbele ya watoto utakuwa umempa video ya pili. Huko naomba nikusemee mimi.

Mwalimu, najua unasoma gazeti hili, binti yako ameniambia mnalipokea chumba cha walimu. Hasira yako ya siku ile naielewa, ningekuwa mimi labda ningemvua yule mdoli mpaka na mkono. Lakini binti yako alikwambia ukweli ukamnyamazisha, ukalipiga picha gauni la bure, ukaliita nyara za vita. Ukaelekeza watu mpaka mlangoni kwa mama wa watu asiye na hatia, na watu wakaenda, kwa sababu wewe ni mwalimu na ukisema unaaminiwa. Mwanafunzi wako akiandika uongo darasani humwambii afute tu anyamaze, unamwambia aandike upya wote waone. Basi chukua simu, mama. Andika upya, palepale ulipoandika, kwa herufi kubwa zilezile.